Unga wa Mwali

Saida Nampoto alikuwa mfagizi. Tuanze hapo, maana siku hizi wapo wanaomwita mtaalamu, na wapo wanaomwita jina jingine ambalo kinywa changu hakitalitoa. Aliajiriwa kufagia na kuosha vyombo katika maabara ya kituo kimoja cha utafiti nje ya mji wa Mtwara: mjane wa miaka hamsini na mbili, chumba na uwanja Chikongola nyuma ya soko, binti mmoja tu aliyeolewa bara. Vijana wa maabara walimpita mlangoni kama hawajamwona. Shikamoo yenyewe alikuwa akiidai.

Kilichombadilishia maisha ni uji uliokataa kuganda. Mkuu wa mradi, Dokta Rizwana, binti wa Mzee Rahemtulla mwenye duka la vitambaa Mikindani, alirudi masomoni na unga mweupe ndani ya vichupa vidogo kuliko kidole cha mwisho. Alieleza mbele ya wote kwamba vile ni vipande vifupi vya protini, kitu kilekile kilichomo ndani ya samaki na kunde, ila vimekatwa vikawa vidogo mno. Kwa lugha yao huitwa peptidi. Ukivitia kwenye maji ya moto vinatawanyika. Maji yakipoa vinaanza kutafutana vyenyewe, bila mtu kuvipanga, kimoja kinashika mwenzake mpaka zinapatikana nyuzi, nyuzi zinasukana, na maji yote yanaganda. Halafu ukiuingiza mgando ule kwenye giza ukaumulika kwa taa ya zambarau, unatoa mwanga wa buluu. Hauna betri, hauna waya, hauna moto.

Hayo yalikuwa maneno. Vitendo viligoma. Kati ya vichupa kumi, tisa vilitoka mabongemabonge kama maziwa yaliyokatika, na gizani havikutoa hata cheche. Wiki tatu nzima vijana walilaumu umeme, wakalaumu maji ya bomba, wakalaumu joto la Mtwara ambalo halijamkosea mtu. Saida alikuwa akideki chini ya meza zao na kusikia yote.

"Dokta, mwanangu," akasema siku moja, kashika mgongo, "mbona mnauendesha mbio? Mnautoa motoni mnautia kwenye friji, na kila anayepita anautikisa. Hata togwa haitaki fujo hizo."

Kijana mmoja akacheka. Rizwana hakucheka. Alimpa vichupa kumi vya moto akamwambia haya, mama, fanya unavyojua. Saida akavipanga ndani ya sufuria, akaizungushia kanga kuukuu mara tatu, akaiweka kwenye pembe ambayo haifiki mguu wa mtu, akaenda zake nyumbani. Asubuhi vyote kumi vilikuwa vimeganda vizuri, na nyuma ya pazia jeusi vikawaka vyote, buluu tulivu isiyoumiza jicho. Saida alishika mdomo. "Yarabi," akasema, "kumbe vilitaka kuachwa tu." Tangu siku hiyo kazi ya mgando ikawa yake, akapewa koti jeupe na glavu, na shikamoo zikaanza kuja zenyewe.

Sasa mwanga ule ulikuwa wa kazi gani? Sikilizeni, maana bila hili hamtaelewa lililompata. Huku kusini tunalima muhogo mchungu kwa sababu nguruwe pori na ngedere wanauogopa. Una sumu, kila mtoto anajua, na kila mwanamke anajua kuitoa: unaumenya, unauanika siku nyingi mpaka unakuwa makopa makavu, ndipo unatwanga. Mvua ikikosekana sumu inazidi, na njaa nayo inazidi, kwa hiyo watu wanafupisha safari. Rizwana alitaka kuupima unga palepale kijijini, mbele ya mwenyewe. Ukiudondoshea mgando tone la mrututu, ile shaba ya buluu ambayo wazee walikuwa wakiiweka kwenye vidonda, mwanga unazimika kabisa. Halafu unadondosha maji ya unga. Unga ukiwa salama, giza linabaki giza. Ukiwa na sumu, sumu inaing'ang'ania ile shaba, inaivuta pembeni, na mwanga unarudi. Kadiri unavyowaka ndivyo ulivyo mbaya.

Miaka mitatu Saida alizunguka vijiji na sanduku lake la vichupa. Akina mama walimletea unga kwenye vifuko, naye akapima. Wa giza aliwapongeza. Wa mwanga aliwafundisha: lowesha unga wako, utandaze mwembamba kwenye mkeka kivulini tangu asubuhi mpaka alasiri, sumu itoke na hewa, ndipo usonge. Alifundisha kwa ukali, jamani. "Unamlisha nini mtoto wako wewe?" alimwambia mama mmoja kule Nanyamba mbele ya watu, mpaka yule mama akalia na kufunika uso kwa upande wa kanga. Mkuki kwa nguruwe. Saida aliporudi mjini alilisimulia lile kama jambo la kujivunia.

Tuje kwenye unga wenyewe. Mjukuu wake, Mwanaisha, alikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo ya Desemba ilipokaribia ukoo ukaamua achezwe unyago. Kijiji cha baba yake, Jafari, kiko mbele ya Nanyamba, ukishika njia ya kuteremkia Ruvuma. Kungwi angekuwa Bi Somoe, mama mzazi wa Jafari, na mwali angefungiwa ndani wiki tano. Katika ukoo wa Saida liko jambo ambalo halina mjadala: unga wa mwali hutoka kwa bibi mzaa mama. Anautwanga mwenyewe, anaufunga ndani ya kitambaa cha bafta nyeupe kwa fundo la mkono wake, na ukishafungwa hauanikwi tena wala hautandazwi. Kungwi peke yake ndiye anaufungua, juu ya chungu. Na mwali mle ndani hali chumvi, hali samaki, hali kunde. Ni ugali na majani ya maboga ya kuchemsha, basi, mpaka atolewe.

Desemba ileile wageni wa mradi walikuwa wanakuja kutoka Dar, na Rizwana alitaka vichupa mia mbili. Muhogo wa Saida ulikuwa bado ardhini, mvua imekataa, majani yamenyauka. Makopa yalitaka wiki tatu, naye alikuwa na siku mbili. Basi akafanya chinyanya, ile njia ya wenye njaa: akaumenya muhogo mbichi, akautwanga, akaukamua, akauanika juu ya bati la jirani, akautwanga tena, akauchekecha, na jua la pili halijazama unga ulikuwa tayari. Mweupe, laini, unapendeza kwa macho. Mama yake alikula chinyanya maisha yake yote na akafa bikizee. Ndivyo alivyojiambia.

Kichupa kimoja! Kilimtosha kichupa kimoja tu, naye alikuwa na mia mbili mezani. Hakupima. Mganga hajigangi, wanasema, lakini hapa palikuwa na zaidi: yule aliyekaripia vijiji vizima aliona haya kuuweka unga wa mkono wake mwenyewe chini ya taa. Aliona kama anamtilia shaka mama yake na bibi yake na wote waliofunga fundo lile kabla yake. Binti yake, Mwanaidi, alimpigia simu kuuliza, "Mama, ni wa makopa?" Akajibu, "Wa makopa, mwanangu." Alijibu haraka kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Siku ya kumtoa mwali ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Januari. Ngoma imeshaanza, uwanja umejaa. Mwanaisha alipakwa mafuta, akavishwa kanga mpya, akaambiwa simama utoke. Akasimama kwa vidole vya miguu. Magoti yakagongana, mguu wa kulia ukapita mbele ya wa kushoto kama makasi, akaanguka kifudifudi kwenye kizingiti. Wakamwinua, akaanguka tena. Akili yake nzima, maneno mazima, mikono mizima. Miguu tu ndiyo iliyokakamaa ikakataa kumtii. Alikuwa akiwaomba radhi watu, masikini, akidhani ni uvivu wake.

Mwanaidi alimpigia mama yake huku analia, na simu akaiweka sauti ya nje ili mumewe naye asikie. Kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. Saida, kule Chikongola, hata pumzi hajavuta, akapiga ukelele: "Nani alikuwa anampikia? Si mkwe wako? Muulizeni Somoe alimtilia nini mtoto wetu!"

Ulimi hauna mfupa. Ngoma ilinyamaza. Kufika alasiri watu walikuwa wameshakumbuka kila kitu: kwamba Bi Somoe alizika waume wawili, kwamba alipogombana na jirani mbuzi watatu walikufa, kwamba hakuna mwingine aliyeingia chumba cha mwali wiki zote tano. Kaka yake mwenyewe, Mzee Nassoro, ambaye kama mjomba ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, alisimama akasema dada yake ahame kijiji. Akampa mpaka Ijumaa baada ya sala.

Saida alifika Jumapili. Mwanaisha alikuwa kalazwa kwenye mkeka, akamwamkia vizuri, "Shikamoo, bibi." Saida akaipapasa ile miguu, akaijua. Kwenye ukuta wa maabara palikuwa na bango lenye picha za watoto wanaotembea kwa fimbo, magoti yamebanana, visigino havigusi chini, na juu yake limeandikwa neno konzo. Alikuwa akilipangusa vumbi kila wiki. Lakini moyo wa mtu ni mjanja, ukamnong'oneza: huenda Somoe aliongeza kitu. Akalishika neno hilo. Akaomba mabaki ya unga, na Mwanaidi akamletea ile bafta, ndani yake umebaki unga wa vikombe viwili hivi.

"Nakwenda kuupima," Saida alitangaza uani, sauti juu, "na kila kitu kitajulikana."

Watu wakamshukuru. Bi Somoe alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko lake, peke yake, hakuna anayemwamkia. Alimtazama Saida akasema tu, "Nenda kapime, mkwe."

Jumatatu saa sita mchana, wenzake walipokwenda kula, Saida alijifungia nyuma ya pazia jeusi na vichupa viwili. Kimoja cha unga wa lile fundo. Cha pili cha unga wa ndoo ya jikoni kwake, masalia ya siku ileile ya kutwanga, ambao haukutoka nje ya nyumba yake na Somoe hakupata kuuona. Alitaka jambo moja tu chini ya mbingu: cha kwanza kiwake, cha pili kikae giza. Aliliomba kwa Mwenyezi Mungu, na alijua anachokiomba. Alikuwa anaomba mwanamke mwenzake awe muuaji.

Akadondosha. Akasubiri dakika zake. Viliwaka vyote viwili, sawasawa, buluu iliyomulika glavu zake na vifungo vya koti lake. Katika miaka yote mitatu hakuwahi kuona unga uliowaka kiasi kile.

Hakusikia pazia likisogezwa. "Subhanallah," Rizwana akasema nyuma yake. "Mama Mwanaidi, hizi sampuli ni namba ngapi? Zimetoka kijiji gani?"

"Hazina namba."

"Kuna watu wanakula huu unga?"

"Walishakula," Saida akasema, akakaa sakafuni.

Rizwana naye akakaa sakafuni, na koti lake jeupe. Saida akamweleza lote: chinyanya, fundo, wiki tano, mwiko, na Bi Somoe anayefukuzwa. Aliposikia habari ya samaki na kunde, yule binti alifumba macho. Akamwambia taratibu kwamba mwili una namna yake ya kuivunja sumu ya muhogo, lakini kazi hiyo huifanya kwa protini, na usipokuwa na protini hauna cha kupigana nacho. Mtu mzima anayekula chinyanya na dagaa anaweza kuishi nayo miaka. Mtoto aliyefungiwa na unga ule mtupu, siku baada ya siku, hana kinga.

"Tulimnyima vyote," Saida akasema. "Atapona?"

"Haitazidi hapo ilipofika, mama."

"Dokta, sema nisikie. Atapona?"

"Hatapona. Atatembea kwa fimbo." Akamshika mkono. "Inabidi uende ukawaambie, leo au kesho. Kuna yule bibi wa watu."

"Najua," Saida akasema.

Na mnadhani alikwenda kesho yake? Hakwenda! Hapo ndipo ninapogombana naye mpaka leo. Jumanne alipika mgando. Jumatano alipika mgando. Mwanaidi ndiye aliyekuwa wake peke yake duniani. Watoto wengine wawili walizikwa wachanga, mume akafuata, na binti huyu ndiye aliyempigia simu kila Ijumaa kumuuliza amekula nini. Angemwambiaje? Alilala na neno lile na kuamka nalo. Jumatano mchana Mwanaidi akapiga mwenyewe.

"Mama, majibu yametoka?"

"Bado, mwanangu."

"Fanya haraka. Jana jioni vijana wamechoma jiko la mama mkwe. Jafari alisimama anaangalia tu. Mimi sijui hata nimwamini nani."

Saida alikuwa amesimama mbele ya rafu, vile vichupa viwili viko mbele yake. "Bado hayajatoka," akasema tena. Alhamisi simu ikaita mara tatu, hakupokea.

Ijumaa asubuhi alivaa baibui akavichukua vichupa. Rizwana alitaka kumsindikiza kwa gari la mradi, akakataa. "Unga huu si wa mradi," akasema, "huu ni wangu." Rizwana akampa kitochi cha mwanga wa zambarau na chupa ya maji ya kunywa.

Alipofika, watu walikuwa wameshatoka msikitini. Mizigo ya Bi Somoe ilikuwa nje: godoro lililokunjwa, ndoo moja ya vyombo. Pale palipokuwa na jiko palikuwa na majivu na mafiga matatu. Saida aliomba waingie kwenye chumba alichofungiwa mwali, maana ndicho chenye giza. Wakaingia Mzee Nassoro, Jafari, Mwanaidi aliyembeba Mwanaisha mgongoni kama mtoto mchanga, na wazee wengine wachache. Bi Somoe akasimama mlangoni. Saida akaziba dirisha kwa kanga, akakiweka kichupa cha lile fundo juu ya kinu, akawasha kitochi.

Kikawaka.

"Mmeona?" Mzee Nassoro akapaza sauti. "Mmeona kwa macho yenu? Kitu kimo ndani ya unga, kinatazama watu! Nilisema mimi!" Aliyekuwa karibu na mlango akawapokeza walioko nje, na nje kukawa na kelele. Jafari akamgeukia mama yake, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, kwa nini?"

"Sikilizeni!" Saida akasema. "Mwanga huu hauonyeshi uchawi. Unaonyesha sumu ya muhogo, basi. Tazameni." Akaweka cha pili, nacho kikawaka vilevile. "Huu umetoka jikoni kwangu, Chikongola. Bi Somoe hajaugusa."

"Basi umemfuata mpaka kwako," Mzee Nassoro akasema. "Mchawi anazuiwa na umbali?"

Wakaitikia, ndiyo, hazuiwi. Miaka mitatu Saida aliwaonyesha watu mwanga ule nao wakauelewa, na leo ndani ya chumba kile ulikuwa unamtia Somoe kitanzini. Akakizima kitochi. Akaivuta kanga dirishani, jua likaingia, kila mtu akamwona uso.

"Ni mimi," akasema. "Ule haukuwa unga wa makopa. Nilifanya chinyanya, siku mbili, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mwanaidi aliniuliza kwenye simu, nikamdanganya. Nikafunga fundo, na mnajua fundo likifungwa hakuna wa kuutandaza. Bi Somoe alifanya kama nilivyoagiza. Mimi ndiye niliyemlemaza mtoto. Nimejua tangu Jumatatu."

Mzee Nassoro alianza kutafuta kofia yake, na kofia iko kichwani.

"Jumatatu?" Mwanaidi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mama, jiko lilichomwa Jumanne. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukasema bado."

"Nilisema bado."

Mwanaidi alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akatoka, akaingia chumba cha pili, na komeo likasikika. Watu husema majuto ni mjukuu. Wa Saida alikuwa upande wa pili wa ukuta, na Saida alimsikia akiuliza, "Mama, bibi wa mjini anaondoka? Mbona sijamuaga?" Hakusikia jibu.

Wazee walitoka mmojammoja, macho chini. Mzee Nassoro alisema huku anatembea kwamba haya, basi, dada abaki, yamekwisha. Hakuna aliyemwambia Bi Somoe samahani. Wale vijana waliochoma jiko walikuwa wameshapanda baiskeli zao. Jafari alilibeba godoro la mama yake akalirudisha ndani, akakaa juu yake, kichwa mikononi. Saida alisimama mbele ya ule mlango wenye komeo kwa muda mrefu. Aligonga mara mbili. Halafu akachukua mfuko wake.

Mgeni husindikizwa, hata awe nani, na siku ile hakuinuka mtu isipokuwa Bi Somoe. Alimpokea Saida mfuko akautia begani, akatangulia. Walipita kwenye mikorosho, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka karibu na barabara.

"Nisamehe, mkwe," Saida akasema. "Nisamehe kwa neno la kwenye simu, na kwa siku hizi nne."

Bi Somoe alitembea hatua nyingine kadhaa, halafu akasimama.

"Ulikuwa mchungu," akasema. "Siku ya kwanza nilipofungua fundo niliuonja kwa ncha ya kidole, kama tunavyoonja. Ukaniuma ulimi. Nimekula muhogo miaka sitini na nane, Saida, nikajua ule haukukaa juani. Niliishika ile bafta nikitaka nikaumwage."

Bi Somoe akatupa jicho barabarani.

"Halafu nikajisema, Somoe, usijifanye mjuzi. Huyu ndiye anayewapimia watu unga wilaya nzima. Ungekuwa na kasoro, yeye si angejua? Nikausonga."

Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka upande wa mtoni, vumbi nyuma yake. Bi Somoe akanyoosha mkono kuisimamisha, akamsubiri Saida apande, akamwekea mfuko mapajani. Akamsogelea ili dereva asisikie.

"Mtoto alikuwa anaukataa," akasema. "Kila siku anaukataa. Nami kila siku namwambia, kula, mjukuu wangu, huu ni unga wa bibi yako."